Vipepeo wa Marseus katika duka la fremu la Mji wa Kale

Mwezi uliopita nilipeleka kazi isiyo ya kawaida katika duka moja la kuchapa picha na kutengeneza fremu, lililo kwenye kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Fort Jesus. Ilikuwa picha ya mchoro wa Otto Marseus van Schrieck, Mholanzi aliyefariki mwaka 1678, ambaye badala ya kuchora mashada ya maua yaliyopangwa mezani, aliinama akachora yaliyo chini ya miti: mbaruti, uyoga, nyoka na vipepeo, vyote vikichomoza kutoka gizani. Alipokuwa Roma, wachoraji wenzake walimbandika jina la Snuffelaer, yaani mnusaji, kwa jinsi alivyokuwa akichakura kila mahali kutafuta wadudu na watambaazi.

Niliagiza ichapwe kwenye turubai yenye upana wa sentimita 60, pamoja na fremu ya mvule, kwa shilingi 6,500. Kazi ilikuwa tayari siku ileile niliyoahidiwa, na waliowahi kuzungushwa na mafundi wanajua hilo si jambo dogo.

Kasoro ilikuwa kwenye giza. Kijana wa mashine aliniambia kwa upole, "Dada, picha yako ilikuwa nyeusi mno, nikaitia mwangaza kidogo." Huo mwangaza kidogo ulikuwa umekigeuza kivuli cha msitu kuwa rangi ya chai ya maziwa, na kipepeo mweupe, ambaye ndiye roho ya mchoro, amepotelea humo. Michoro ya Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17, ya namna hii huishi kwa giza lake. Ukiling'arisha, kilicho mbele hakina tena pa kuegemea. Nilipomweleza, aliichapa upya bila kunitoza hata senti, na katika nakala ya pili miiba ya mbaruti inahesabika mmoja mmoja.

Lipo jambo ambalo mashine yoyote haiwezi kulitoa. Marseus alikuwa akigandamiza bawa la kipepeo halisi juu ya rangi ambayo bado ina unyevu, kisha akalibandua, ili magamba yake madogo yabaki yamenasa. Ni ule ungaunga unaobaki vidoleni mtoto anapomkamata kipepeo. Kwenye nakala, mahali hapo ni laini kama kwingine kote. Si kosa la duka, ila mnunuzi aende akijua.

Fremu, kwa upande wake, ni kazi ya mtu anayejua mbao. Pembe zimekutana hata wembe haupiti, mvule umesuguliwa kwa mafuta badala ya kupakwa vanishi ya kung'aa, na fundi mzee alinionya nisiitundike kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, kwa kuwa unyevunyevu huilegeza turubai. Kulabu za nyuma tu ndizo dhaifu, nami nimezibadilisha.

Juzi nimewapelekea picha nyingine, ya Rachel Ruysch, mchoraji wa maua wa Kiholanzi, na juu ya bahasha nikaandika kwa kalamu nyekundu: giza lisiguswe.