Kamera ya mamilioni au simu na maiki?

Kwa anayeanza kutengeneza filamu fupi Kigoma, njia ni mbili: kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, au simu aliyonayo pamoja na maiki ya kola na stendi.

Kwenye sauti, simu na maiki inashinda bila ubishi. Pale mwalo wa Kibirizi, upepo wa ziwa na injini za boti humeza maneno, na maiki iliyo ndani ya kamera, hata ya bei mbaya, iko mbali na mdomo. Bana maiki ya kola sentimita 20 chini ya kidevu, ivishe manyoya ya kuzuia upepo, kisha sikiliza kwa hedifoni kabla ya kuanza. Watazamaji huvumilia picha yenye chengachenga. Mazungumzo yasiyosikika hawayavumilii.

Jua la saa sita huisumbua simu. Tundu la lenzi yake kwa kawaida halibadiliki, hivyo ili kupunguza mwanga, kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) hupanda hadi 1/1000 ya sekunde na mwendo wa watu huonekana wa kukatakata. Weka kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kisha shata ibaki 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za ndani nazo hazitapepesa.

Usiku, kwenye taa za wavuvi wa dagaa, sensa kubwa ya kamera, yaani kipande kinachonasa mwanga, haina mpinzani. Ila video ya 4K, yenye ubora wa juu, ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, bado betri za akiba na kompyuta ya kuhariri. Kwa tukio moja la usiku, kodi tu kamera hiyo.