Mfuko wa softiboli wa kuanzia: uhakiki kwa makocha wa Malindi

Mfuko huu wa vifaa vya softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, huagizwa Mombasa na kushushwa Malindi kwa basi. Ndani yake mna magongo 2 ya aluminiamu, mipira 12, glavu 9, helmeti 2, barakoa na kinga ya kifua ya mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji), pamoja na besi 4, yaani alama za uwanjani ambazo wakimbiaji hukanyaga, za raba nyembamba. Kocha wa shule au chuo anayeanzisha timu ya wasichana atapata thamani ya pesa zake kwenye glavu na magongo. Mipira haitoshi, helmeti hazitoshi, na besi hazifai kwa ardhi yetu.

Tuanze na mipira, maana hapo ndipo timu hujengwa au huvunjika. Patty Gasso, kocha wa softiboli wa Marekani, alifundisha chuo cha Long Beach City kabla ya kuichukua timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 1995, na miaka ya mwanzo timu yake ilichezea uwanja wa bustani ya umma mjini Norman. Ubingwa wa taifa wa kwanza ulikuja mwaka 2000, na kati ya 2021 na 2024 akatwaa mataji manne mfululizo. Mike Candrea, kocha mwingine wa Marekani, naye alipitia chuo cha miaka miwili, Central Arizona, kabla ya kukipa Chuo Kikuu cha Arizona mataji 8 kati ya 1991 na 2007, na kuiongoza Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Athens 2004. Wote wawili walianzia mahali padogo. Kilichopo mahali padogo na pakubwa sawasawa ni marudio: kuudaka mpira wa chini, kuugonga, kuurusha, kisha tena na tena. Marudio hayo hula mipira.

Kwa wachezaji 15, gawa mazoezi vituo vitatu: kupiga, kudaka, na kurusha. Kila kituo kinahitaji mipira 10 hadi 12. Ukiwa na 12 pekee, wasichana kumi watasimama wakingojea mmoja arudi na mpira kutoka kwenye nyasi. Kwa hiyo ongeza dazeni mbili siku ile ile unayoagiza mfuko.

Mpira wenyewe upime kabla ya kuupokea. Chukua futi ya fundi cherehani, uzungushe: mzingo uwe sentimita 30.5 hivi, na uzito kati ya gramu 177 na 198. Ukikuta sentimita 28, hiyo ni saizi ya watoto, na mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) akizoea huo vidole vyake vitapotea akiushika wa mashindano. Chagua ganda la sinthetiki, usichukue la ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu wakati wa masika na mpira huwa mzito. Sinthetiki nayo ina adui wake. Kokoto za matumbawe hulikwaruza ganda na kuzichana nyuzi za mshono, na mshono ndio anaoushika mrushaji ili mpira uzunguke. Tenga mipira 6 mipya kwa warushaji peke yao. Iliyochakaa ipeleke kwenye kupiga. Usiiache garini mchana, kwani joto hulainisha kiini cha ndani, na mpira uliolainika hauruki kama ule wa siku ya mechi.

Glavu ni nzuri kuliko bei yake. Kiganja ni ngozi halisi, shimo lake la kudakia lina kina cha kutosha kwa mpira huu mkubwa, na inchi 12 zinafaa karibu nafasi zote. Kasoro ni mbili. Ya kwanza, zote 9 huvaliwa mkono wa kushoto, yaani ni za wanaorusha kwa mkono wa kulia tu. Ya pili ni koga: hewa yetu ya chumvi na unyevu huiotesha ndani ya vidole kwa muda mfupi, hasa glavu zikifungiwa mfukoni zikiwa na jasho. Baada ya mazoezi, zifute kwa kitambaa kikavu na uzitundike kivulini penye upepo. Zisianikwe juani, ngozi itakauka na kupasuka.

Glavu mpya ni ngumu. Paka mafuta ya ngozi kidogo tu, kiasi cha sarafu ya shilingi 10, kwenye kiganja na bawaba, pale glavu inapokunjika. Weka mpira katikati, kisha ufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi asubuhi. Mafuta mengi huifanya iwe nzito na legevu. Kamba ikikatika, fundi viatu yeyote mjini ataibadilisha ukimpa kamba ya ngozi ya upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 180 hivi. Mkataze kutumia nailoni, maana hukata matundu ya ngozi na hapo glavu haitengenezeki tena.

Magongo ni ya inchi 32, gramu 620 hivi, uzito unaofaa kwa wanaoanza. Mwambie mchezaji alinyooshe gongo pembeni kwa mkono mmoja na ahesabu hadi 20; likianza kuinama kabla, limemzidi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi huiumauma, hivyo lifute kwa maji baridi ya bomba. Kinachoharibika mapema ni mkanda wa mpini. Ufungue, uweke mkanda wa gongo la hoki, ukianzia chini kwenye kifundo na kupanda juu. Gongo likibonyea, liondoe kwenye mechi. Hatuoni sababu ya timu changa kununua gongo la kompoziti (la nyuzi zilizogandishwa kwa gundi): ni ghali, na likigonga mpira uliolowa huweza kupasuka.

Helmeti 2 ni upungufu wa hatari. Hesabu vichwa: mpigaji, anayemfuata, na wakimbiaji watatu kwenye besi. Ni helmeti 5, zote zenye wavu wa uso. Barakoa ya mdakaji inafaa, ila haina kinga ya koo. Iongezwe kabla ya kumkalisha mtoto nyuma ya mpigaji. Rangi ikibanduka kwenye maungio ya chuma, piga msasa na upake ya mafuta siku hiyo hiyo.

Besi za mfuko huteleza mchangani, na kusi likivuma hupeperuka. Shonesha mifuko ya turubai ya sentimita 38 kila upande, itie mchanga unene wa sentimita 5, usizidishe, kifundo cha mguu kisije kikapinduka. Kata kamba tatu na uzihifadhi pamoja nazo: mita 18.29 kutoka besi hadi besi, mita 25.86 kutoka nyumbani, yaani besi ya mpigaji, hadi besi ya pili, na mita 13.11 kutoka nyumbani hadi kwenye ubao anaokanyaga mrushaji, kwa wanavyuo. Kwa wadogo, 12.19. Okota kokoto kuzunguka kila besi kabla ya kumfundisha yeyote kuingia besi kwa kuteleza chini.

Unapoagiza, omba glavu mbili kati ya zile 9 ziwe za wanaorusha kwa mkono wa kushoto. Muuzaji akikataa, zinunue kando. Mrushaji wa mkono wa kushoto ni hazina, na mtoto aliyelazimishwa kuvaa glavu isiyo yake hatarudi mazoezini wiki ya pili.