Baba yake babu kwenye orodha za meli: nyota tatu kwa huduma niliyolipia

Nililipia miezi mitatu ya huduma ya nyaraka za kale mtandaoni nikimtafuta baba yake babu, aliyehamia Marekani kwa meli akashukia Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York. Mwezi mmoja ungenitosha.

Picha zenyewe sina neno nazo. Ukizikuza unaona hadi mahali karani alipochovya kalamu upya. Shida ni faharasa. Aliyenakili majina alikosea herufi ya kwanza ya ukoo wetu, kwa hiyo wiki tatu nzima naandika jina sahihi na sipati kitu. Nilipoomba msaada nikaambiwa nijaribu tahajia nyingine. Kana kwamba nilikuwa nafanya nini muda wote huo!

Nilifanikiwa nilipoacha kutafuta kwa jina. Sensa ya 1920 inauliza mwaka mtu alioingia nchini, nikaanzia hapo. Kisha hati yake ya kuomba uraia: zile za baada ya 1906 hutaja meli na tarehe ya kufika. Nikafungua orodha ya abiria wa meli hiyo, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa, na usiku wa pili nikamkuta, umri wake na kazi yake vikilingana kabisa.

Nusura nifunge kompyuta hapo. Tangu 1907 orodha hizo huchukua kurasa mbili, na huduma hii hukufungulia wa kushoto tu bila kukudokeza kuwa wa kulia upo. Huo wa kulia ndio wenye utamu: mtu anayefuatwa Marekani, anwani yake, na mahali abiria alipozaliwa. Sisi tulikuzwa tukiambiwa mzee alitoka Hamburg. Kumbe Hamburg alipandia meli tu. Mahali alipozaliwa paliandikwa kijiji ambacho hakuna aliyewahi kukitaja kwetu.

Shangazi naye hushikilia kwamba maofisa wa Ellis Island ndio waliotubadilishia jina. Wao walisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na kampuni ya meli kabla ya safari. Nimemwonyesha, bado hajakubali.

Ukitaka kujiunga, anza na kanzidata ya abiria wa Ellis Island, ambayo kuitafuta ni bure, na siku hizi ina hata waliofika New York kabla ya kituo hicho kufunguliwa 1892. Na ukilipia, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Mimi nilikatwa mwezi wa nne.