Mvinyo mtamu wa baada ya mlo: tazama kizibo kabla ya jina

Krismasi iliyopita nilitoa shilingi 140,000 kwa nusu chupa ya Sauternes, mvinyo mtamu wa Ufaransa, katika duka moja la Mji Mkongwe. Dada yangu alikuwa anatimiza miaka 25 ya ndoa, nikataka baada ya biriani tukae barazani na kitu ambacho hajapata kukionja. Nilipokata karatasi la shingoni nikakuta kizibo kimepanda juu ya mdomo wa chupa, na ubavuni kina michirizi inayonata kama shira ya kaimati. Mvinyo wa miaka mitatu, uliotakiwa uwe na rangi ya dhahabu, ulitoka mweusimweusi kama chai iliyochemshwa mara mbili. Ulinuka zabibu zilizoungua, na nyuma yake siki. Shemeji, kwa adabu zake, alimaliza glasi. Mie nilishindwa.

Duka lilipofunguliwa nikarudi. Chupa nyingine zilikuwa palepale dirishani, zimesimama wima, jua la alasiri limezipiga usoni. Nikaambiwa mvinyo wa Kifaransa ndivyo ulivyo.

Basi sitakueleza habari za aina ya zabibu wala mwaka wa mavuno. Hapa kwetu la kwanza kuuliza ni chupa ililala wapi. Kaskazi ikivuma na umeme ukakatika, ghala la bati linakuwa tanuri. Mvinyo ukipata joto hutanuka, husukuma kizibo, huvuja kidogo. Ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Siku chache za hivyo zinatosha kuuharibu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, pitisha kidole juu ya kichwa cha chupa. Pakiwa na kinundu, rudisha. Jaribu kuzungusha lile karatasi la shingoni: likigoma kabisa, mara nyingi ni mvinyo uliovuja ukaligandisha. Inua chupa mwangani uone umejaa hadi wapi. Ukiwa umeshuka chini ya shingo, achana nao. Kisha omba ya ghalani, usichukue ya dirishani. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Chaguo langu la kwanza ni Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilohilo, na sioni wa kushindana nao hapa visiwani kwetu. Zamani mapipa yake yalipakiwa kwenye meli za kwenda India, yakavuka ukanda wa joto, na yaliporudi watu wakaonja wakakuta mvinyo umekuwa bora kuliko ulioachwa nyumbani. Tangu hapo wanaupasha joto kwa makusudi: wa kawaida kwenye matangi, kwa miezi isiyopungua mitatu, ulio bora kwenye mapipa yanayowekwa chini ya paa linalopigwa na jua. Mvinyo uliokwisha kupikwa hivyo, dirisha la Shangani litaufanya nini? Una kilevi cha asilimia 19 hivi, na chupa iliyofunguliwa hukaa miezi bila kuharibika. Mie nanunua Blandy's, nyumba iliyoanza kazi kisiwani humo mwaka 1811, na nachukua Malmsey wa miaka 10. Katika aina za Madeira, Malmsey ndio mtamu kuliko wote, Bual unafuatia. Sercial ni mkavu, usiubebe kwa kukosea. Madukani kwetu hauonekani kila siku, mwagize anayesafiri.

Wa pili ni Port, mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa kilevi kikali, lakini ile ya tawny. Imezeekea kwenye pipa, imeshazoea hewa, na ukiifungua inakaa wiki kadhaa kwenye friji. Wa tatu ni Muscadel ya Afrika Kusini, nayo imeongezwa kilevi kikali. Inanukia maua na maganda ya chungwa, na bei yake haiumizi.

Sauternes na ndugu zake nimewaweka wa nne, na roho inaniuma, kwa sababu ikiwa mizima ni mitamu ajabu. Zabibu zake hushikwa na ukungu wa Botrytis, zikasinyaa, utamu ukabaki umekolea. Nederburg, nyumba ya mvinyo ya Paarl, Afrika Kusini, ilitengeneza mvinyo wa Edelkeur kwa njia hiyo mwaka 1969, na Noble Late Harvest yao ya leo, ya aina hiyohiyo, ni nzuri. Nunua pale tu penye chumba cha baridi kinachofanya kazi.

4th Street na mivinyo mitamu ya Dodoma ni ya kunywea na chakula, si ya kufungia mlo. Basi.

Kinachonikera zaidi ni bei. Mtu anaweka kibandiko cha kumlenga mgeni wa hotelini, halafu hanunui hata pazia la dirisha. Ukimlalamikia, anasema chupa iliyofunguliwa hairudi. Sasa nitajuaje imeharibika bila kuifungua?

Namna ya kuunywa: upoze kidogo, mimina kidogo kwenye glasi ndogo. Kitafunio kisiuzidi mvinyo utamu, kwa hiyo kaimati na halua ziachie kahawa. Weka korosho za chumvi, au mkate wa kumimina usiojazwa sukari. Pasaka tulifungua Malmsey tukala na korosho, dada akaomba aongezwe. Chupa ile ipo kabatini bado, imebaki theluthi, na jana usiku ilikuwa inanukia vilevile: sukari iliyoungua kidogo na ganda la ndimu.