Siku tatu Njiro, Arusha: semina ya kuongoza watu wa mataifa mchanganyiko

Nilipelekwa na ofisi, kwa hiyo ile ada ya laki tisa na nusu haikutoka mfukoni mwangu. Nasema mapema ili ujue anayeongea hapa amekula bure. Ingekuwa hela yangu, jioni ya siku ya kwanza ningedai chenji.

Mimi ni mtu wa Tanga, msimamizi wa ghala la shirika moja la kimataifa huku Kasulu. Chini yangu wapo watu 14: Watanzania, Mrundi mmoja, karani wa Kenya, na Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaolipwa posho. Kambi ipo tangu 1996, kwa hiyo vijana wengine wamezaliwa humo humo. Juu yangu yupo Mdenishi. Kiswahili tunacho wote isipokuwa bosi, lakini kutafsiriana hakuishi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mwezeshaji wa Kibelgiji na projekta yake. Akatuletea Geert Hofstede, yule Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM wa nchi nyingi, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, kisha akazipa nchi alama. Kwenye umbali kati ya mkubwa na mdogo kazini, Denmark ina 18, sisi tuna 64. Hapo nilicheka peke yangu. Bosi wangu huosha kikombe chake mwenyewe, na wiki aliyofika, dada wa usafi alinifuata stoo uso umemshuka. "Dada, kwani mimi nimeachishwa?"

Tatizo liko kwenye hiyo "sisi". Ile 64 ni ya "Afrika Mashariki", kapu moja lenye Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia. Yaani kwa jedwali lile, mimi na karani wangu wa Kenya ni mtu mmoja! Moto mkubwa kuliko yote ofisini kwetu uliwashwa na ujumbe wake kwa mtunza stoo, mzee wa miaka 58: "Nitumie hesabu ya mablanketi leo." Shikamoo hakuna, naomba hakuna, habari za nyumbani hakuna. Mzee alikaa siku mbili hajajibu. Karani naye kosa halioni: kaandika wazi, kaandika mapema, hajamtukana mtu. Nikamuuliza mwezeshaji jedwali linasemaje hapo. Akajibu kwamba alama huonyesha wastani. Chai ikafika.

Siku ya pili ndiyo semina yenyewe. Aliingia mama mmoja kutoka Uganda, akazima projekta, akagawa kadi. Kila kadi ilikuwa na jibu la mfanyakazi kwa swali la bosi, "Kazi itaisha Ijumaa?" Tukaambiwa tuzipange sakafuni, kutoka "ndiyo" mpaka "hapana". Zilikuwepo "Hamna shida", "Tutaona", "Inshallah", "Nimekuelewa", "Nitajitahidi" na "Ijumaa hii?" Kundi letu lilikuwa na Mtaliano, injinia wa maji. Akachukua "Nitajitahidi" akaibandika ubavuni mwa "ndiyo". Sisi Watanzania watatu, bila hata kutazamana, tukaisukuma hadi jirani ya "hapana". Mkenya akataka ikae katikati. Yule Mtaliano alichuchumaa akaikodolea macho ile kadi. "Hili neno nimeambiwa miaka miwili," akasema taratibu. Tukamwonea huruma, tukamweleza na lile la "Ijumaa hii?", ambalo ni hapana kuliko hapana zote.

Mama yule hakutuambia nani kakosea. Alitaka kila mmoja aseme neno analotumia yeye akishindwa kumkatalia mkubwa wake. Saa nzima ikaisha kwa hilo na hakuna aliyegusa simu.

Niliporudi niliacha kuuliza "Mmeelewa?" Sasa nasema, "Nionyeshe utaanzia wapi." Wiki hiyo hiyo nikagundua vijana wawili wanahesabu sabuni kwa maboksi wakati fomu yangu inataka vipande. Miezi mitatu walikuwa wananiitikia "ndiyo, shefu".

Siku ya tatu nina kinyongo nayo. Mbelgiji alirudi na mada ya ukimya: kwamba watu wetu hawampingi mkubwa hadharani kwa sababu ya mila. Mila zipo, sikatai. Lakini mwenye mkataba wa miezi mitatu hampingi mtu mwezi wa pili, awe Mdigo au Mdenishi. Na mkimbizi anayelipwa posho ampinge nani? Halafu mishahara. Hata Umoja wa Mataifa una vipimo viwili: wa kimataifa wanalipwa kwa ngazi ya dunia nzima, wa ndani kwa kulinganishwa na waajiri wazuri wa nchi husika. Meza zimegusana na kila mtu anajua. Nilipoligusa hilo nikaambiwa ni la watu wa utumishi, na mchana wote ukaenda kwenye mashindano ya kujenga mnara kwa tambi mbichi. Tambi ambazo kwetu zingepikwa kwa nazi na sukari zikaliwa.

Chakula kizuri, ndizi nyama hasa. Ukumbi baridi, beba sweta. Kitini kina kurasa 60, zote Kiingereza, kwa hiyo mzee wangu wa stoo sikuwa na cha kumpelekea.

Mgeni anayekuja kuongoza watu huku aende, na aje na mifano yake ya kazini. Mwenyeji ajaribu kuwaomba walipie siku ya pili peke yake. Mimi ningelipa hata laki nne.

Cheti kimefika kwa basi wiki iliyopita. Siku ya kwanza tulitumia dakika 40 kufundishana kutamka majina. Langu limeandikwa sawasawa, herufi zote zipo, na mbele yake wameweka "Bwana".