Kompyuta inalia memori imeisha: ununue nini kwanza, na nini usiguse

Mwisho wa Juni nilikuwa nimekaa na laptopu ya nyumbani nikijaribu kufaili ritani za kodi za KRA, tarehe 30 usiku, siku ya mwisho kabisa kama kawaida yetu, na nikiwa katikati hivi kikaruka kile kidirisha cha kusema kompyuta haina memori ya kutosha, funga programu usije ukapoteza kazi. Kesho yake nikashuka tao, nikaingia duka moja pale Luthuli, na kijana wa kaunta hata hakuiwasha mashine, aliiangalia tu. "Bosi, hiyo ni RAM, weka ya nane." Nikaweka, nikalipa, nikarudi nyumbani nikijiona. Wiki mbili baadaye kidirisha ni kile kile.

Kumbe diski C ilikuwa imejaa pomoni, na hiyo ningeimaliza bila kutoa hata bob. Sasa hii orodha nimeipanga kutoka kwa kile kinachotibu hilo onyo kwa pesa kidogo, nikashuka mpaka kile kinachokula pesa na hakitibu kitu.

Lakini kwanza tuelewane, kwa sababu hapa Nairobi ukisema memori imejaa kila mtu anafikiria simu na video za WhatsApp. Hiyo ni stoo. RAM ni kitu kingine. Chukua matatu ya abiria kumi na nne, viti ndio RAM, na kila programu uliyofungua ni abiria. Viti vikijaa makanga haachi kubeba, analaza ile mbao ya sambaza watu wakalie, si ndio? Windows nayo inafanya hivyo hivyo, inakata nafasi kwa diski inaitumia kama RAM ya bandia, faili lenyewe linaitwa pagefile. Kile kidirisha hakiji viti vikijaa, kinakuja viti vimejaa na sambaza pia imejaa, ama hakuna pa kulaza sambaza kwa sababu diski imejaa mizigo. Ndio maana yangu ilirudi hata baada ya kununua RAM.

Namba sifuri: usinunue kitu bado

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka, ingia Performance halafu Memory. Hapo kuna hesabu mbili za kuangalia. Moja ni RAM inayotumika, ya pili imeandikwa Committed, utaona kitu kama 9.6/10.1 GB, hiyo ya kulia ndio viti pamoja na sambaza. Zikikaribiana hivyo ujue kidirisha kiko njiani. Rudi Processes upange kwa Memory uone nani anakula. Kwangu ilikuwa Chrome, mke wangu hufungua tabu arobaini na hafungi hata moja, na ni tabu kweli kweli. Chrome ina kitu cha Memory Saver kwa settings, iwashe, inalaza zile kurasa hamzitumii.

Halafu angalia diski C. Ikiwa imebaki chini ya giga kumi hivi, safisha Downloads, mwaga takataka, hamisha video za harusi ya binamu kwa diski ya nje. Na uhakikishe ile pagefile imeachiwa Windows iipange yenyewe, kuna mafundi huizima ati mashine iwe fasta, alafu miezi mitatu baadaye unauziwa RAM na fundi yule yule.

Kitu cha mwisho kabla ya kutoa pesa, angalia kama Windows yako ni ya biti 64. Ukiwekewa ya biti 32, zile za kawaida za nyumbani hazivuki 4GB hata uchomeke RAM ya dunia nzima. Na kama kuna programu moja inapanda tu kuanzia asubuhi hadi jioni bila kushuka, hiyo ni ndoo imetoboka, isasishe ama uing'oe. RAM mpya itaichelewesha tu.

Namba moja: RAM ya kuongezea

Ukishamaliza hayo yote na Committed bado inagonga juu, sasa nunua RAM, na kwa kompyuta ya nyumbani hakuna pesa utatumia vizuri kuliko hii. Microsoft wanasema Windows 11 inataka angalau 4GB, lakini hiyo ni ya kuwaka tu. 8GB ni ya mtu mmoja na Word na kurasa kadhaa, na nyumba yenye watoto wa masomo ya Zoom, iTax ile tovuti ya kodi ya KRA, na mtu anaangalia mpira kwa dirisha la pembeni, nenda 16 umalizane na hayo mambo.

Pale pale kwa Task Manager kuna sehemu imeandikwa Slots used, sloti ni pahali pa kuchomeka RAM. Ikisema 1 of 2, umebahatika, unaongeza kipande cha pili na ile ya zamani inabaki. Ikisema 2 of 2 itabidi utoe moja. Lakini usiiamini peke yake, kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa kwa bodi na hakuna sloti yoyote. MacBook zote za M1 kwenda mbele ni hivyo, EliteBook Folio 1040 ya HP hivyo hivyo. ThinkPad X260 na X270 zina sloti moja pekee, T480 ina mbili, EliteBook 840 G3 ambazo zimejaa huku mjini zina mbili. Kama huna uhakika fungua kifuniko uangalie kwa macho yako.

Sasa aina, hapa ndio watu huchomwa. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, ule mkato wa katikati uko mahali tofauti, kwa hivyo fundi akianza kusukuma kwa nguvu mwambie awache. Ya laptopu ni fupi na ya desktopu ni ndefu, usichanganye. Kama mashine ni ya DDR3 ya miaka ya 2013 hadi 2015 hivi, soma lebo, inafaa iandikwe PC3L na si PC3 tupu. Ile L inamaanisha volti 1.35 badala ya 1.5, na laptopu nyingi za wakati huo ukiweka ya 1.5 zinakataa kuwaka. DDR4 imeandikwa PC4. Spidi isikusumbue, ukichanganya 2400 na 3200 zote zitatembea kwa ile ya chini na maisha yataendelea.

Mtumba ama mpya? Kwa RAM mimi nachukua mtumba bila kujifikiria mara mbili, haichakai kama betri ama diski, ikipita testi imepita. Na siku hizi bei ya mpya imeruka vibaya kuanzia mwisho wa 2025, kwa sababu watengenezaji wakubwa ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na chipu zao zinaenda kwa seva za AI. Micron hata walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha biashara ya Crucial ya kuuzia watu wa kawaida. Kwa hivyo bei uliyoambiwa na rafiki yako mwaka juzi isahau, uliza maduka matatu kabla ya kutoa simu.

Na usilipe kabla mashine haijawaka hapo kaunta, Task Manager ifunguliwe muone wote wawili hesabu imepanda. Lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya mtu, na risiti iandikwe aina ya RAM na siku za warantii. Ukifika nyumbani tafuta Windows Memory Diagnostic, testi ya RAM ya Windows yenyewe, uiache ifanye kazi ukipika chai. Mashine ikikataa kuwaka usishtuke, mara nyingi RAM haijakaa vizuri, itoe, ifute ile sehemu ya dhahabu kwa rabara safi ya penseli, irudishe mpaka ilie klik. Kabla ya kugusa chochote, zima kabisa, chomoa chaja na betri, shika chuma kidogo utoe umeme wa mwili.

Namba mbili: SSD

Kama bado uko na ile diski ya kuzunguka, SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, itakufurahisha kuliko RAM kwa macho, mashine inawaka kabla hujakaa chini. Lakini kwa hili onyo inasaidia kwa njia moja kubwa, kama C ilikuwa imejaa na sasa umepata nafasi. Pia sambaza ikilazwa kwa SSD haikwami kama kwa diski ya zamani. Mtu mwenye 4GB na diski ya kuzunguka aniulize aanze na gani? RAM ndio inamaliza onyo, SSD inamaliza uchungu wa kungoja, kwa hivyo anza na RAM, na ukipata pesa ya zote mbili nunua siku moja ulipe fundi mara moja. 256GB inatosha. Angalia tu kama yako inataka ile ya boksi ya inchi 2.5 ama ya M.2, kile kipande chembamba cha kuchomeka kwa bodi.

Namba tatu: laptopu ingine

Hii ni ya wale ambao RAM yao imechomelewa ama mashine ni ya 4GB na kizee kabisa. Windows 10 ya kawaida iliacha kupewa masasisho ya bure 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanza rasmi kizazi cha 8. Kwa hivyo ukinunua zile mitumba za kutoka Uingereza, 840 G3 itakuvutia kwa bei lakini ni kizazi cha 6. Jikaze ufike 840 G5 ama T480 yenye kizazi cha 8. Ulizia sloti, nunua ya 8GB yenye sloti moja wazi.

Za kuacha hapo hapo

Flash ya ReadyBoost, ile ya kuchomeka flash ati isaidie memori, ilikuja na Windows Vista wakati diski zilikuwa pole, haiongezi RAM. Programu za kusafisha RAM kwa kubonyeza kitufe, zinasukuma vitu kwa diski alafu vinarudi vyote ukifungua Chrome. Huu mchezo ni wa zamani, 1995 Marekani waliuziwa SoftRAM95 kwa boksi kabisa ati inazidisha memori, mpaka serikali yao ikaingilia kati.

Na fundi akitoa kipande chako cha zamani kuweka kingine, kidai. Ni chako. Changu cha 4GB kilikaa kwa droo hadi jirani wa chini akaja na kidirisha kile kile kwa laptopu yake, sloti ya pili iko wazi, PC3L vile vile, na sasa ananidai screwdriver yake aliyoiacha kwangu.