Kiolesura kipi kwa Amiga yako ya zamani? Tazama kwanza memori ya picha

Malalamiko ya wasomaji wenye kompyuta za Amiga yameongezeka, na karibu yote yanafanana. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kakamega, aliyeletewa Amiga 1200 na kaka yake kutoka Uingereza miaka ya tisini, aliagiza ng'ambo kadi ya CF iliyokwisha kupakiwa kiolesura kipya chenye rangi 256, ikoni zinazong'aa na picha ya mandhari nyuma ya madirisha. Kadi ilipofika akaiweka mahali pa diski kuu, mashine ikawaka, na uzuri wote ulioahidiwa ukaonekana. Kisha akaniandikia: “Dada, nilitaka mashine ipendeze tu. Sasa nikifungua droo mbili, ya tatu inakataa.” (Droo ni folda kwa lugha ya Amiga.)

Miongozo mingi hulinganisha umbo la ikoni, wingi wa menyu na urahisi wa kusakinisha. Hayo kila mtu anayaona kwenye picha za matangazo, kwa hiyo sitayarudia. Ninachotaka mnunuzi akijue kabla ya kutoa hata shilingi moja ni kiasi cha memori ya picha ambacho kiolesura kitameza, kwa sababu hapo ndipo Amiga nyingi zinapokwama, na wauzaji hawaligusii jambo hili kabisa.

Amiga 1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, ilitoka kiwandani na MB 2 za memori, na zote ni za aina moja: ile ambayo kichakataji hugawana na saketi za picha na sauti. Chochote kinachochorwa kwenye skrini lazima kikae humo. Sasa chukua skrini ya kawaida ya PAL, mfumo wa televisheni tuliozoea huku kwetu, yenye nukta 640 kwa 256. Ukiipa rangi 4 inachukua KB 40, rangi 8 KB 60, rangi 16 KB 80, na rangi 256 KB 160. Ukiongeza mistari ifike 512, kila tarakimu huwa maradufu, na KB 320 zimekwisha kabla hujafungua droo yoyote. Bado hujahesabu picha ya mandhari, wala ikoni, ambazo kwenye Workbench 3.1, kiolesura cha Amiga yenyewe, nazo huwekwa katika memori hiyohiyo, wala madirisha yenyewe. Isitoshe, kila unaposogeza dirisha, saketi ya kunakili picha inalazimika kuhamisha tabaka 8 kwa rangi 256 (picha huhifadhiwa kwa tabaka, na rangi zikiongezeka tabaka nazo huongezeka), wakati rangi 8 zinahitaji tabaka 3 tu.

Wenye Amiga 500 na 600 wana taabu kubwa zaidi. Katika mashine hizo, skrini ya nukta 640 yenye rangi 16 hutwaa nafasi zote za kusoma memori ya picha wakati mstari unapochorwa, hata kichakataji kikalazimika kusubiri mpaka mstari uishe. Mtu hudhani kompyuta yake imezeeka, kumbe amechagua rangi nyingi mno. Ukishuka hadi rangi 8, kichakataji kinapata nafasi ya kufanya kazi, na ndiyo maana mtindo wa ikoni wa MagicWB wa Martin Huttenloher, uliobuniwa kwa rangi 8 tu, ungali unanivutia kuliko mapambo yote yaliyokuja baadaye.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Washa mashine, usifungue chochote, kisha soma mstari wa juu kabisa wa skrini ya Workbench: kuna tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa memori ya picha iliyobaki na ya pili memori nyingine. Iandike ya kwanza. Fungua droo yenye ikoni nyingi, uisome tena. Yule mwalimu wa Kakamega alipofanya hivyo alikuta zimebaki chini ya baiti 400,000 kabla hajagusa kitu, na tarakimu ya pili ilikuwa sifuri kwa sababu mashine yake haina memori ya ziada.

Nafasi ya kwanza naipa Directory Opus Magellan II, programu ya kusimamia faili, na sifichi kwamba naipenda. Ilitengenezwa na GPSoftware ya Brisbane, Australia, kutokana na programu aliyoianzisha Jonathan Potter, na inaweza kushika nafasi ya Workbench yote. Kila dirisha lake hujiendesha peke yake, hivyo unaweza kunakili faili mia kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine huku ukiendelea kufungua madirisha mengine, jambo ambalo Workbench 3.1 haikuruhusu. Lakini sababu yangu kuu ni ile ile ya memori: dirisha la Opus huonyesha faili kwa majina, ukubwa na tarehe, bila kupakia picha ya ikoni hata moja, na bado unafanya kila kazi kwa vitufe ulivyovipanga mwenyewe. Msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2012, kwa hiyo hakuna anayestahili kukutoza fedha kwa ajili yake. Fedha zako zipeleke kwenye kadi ya memori, kwa maana singeiweka Magellan kwenye mashine isiyo na angalau MB 4 za ziada. Memori hiyo, ambayo saketi za picha haziigusi, huifanya Amiga 1200 ikaribie kasi maradufu, na programu zote huhamia huko zikaiachia picha memori yake. Uliza tu kabla ya kulipa: kadi nyingi za MB 8 hugongana na tundu la PCMCIA, lile la kadi lililo ubavuni mwa mashine, na ukilitumia tundu hilo itakubidi uipunguze kadi iwe MB 4.

Ya pili ni AmigaOS 3.2, toleo la mfumo endeshi wa Amiga, ya Hyperion Entertainment, iliyotoka mwaka 2021. Hii ndiyo ya kununua kwa mwenye mashine isiyo na nyongeza kubwa, maana inaendeshwa hata na kichakataji cha 68000 na inahitaji MB 2 za memori tu. Sura yake ni ya kiasi, na hilo kwangu ni sifa. Magellan pia hukaa vizuri juu yake kwa anayeweza kumudu vyote viwili. Toleo la 3.9 la mwaka 2000 linadai kichakataji cha 68020 na kiendeshi cha CD, na sioni sababu ya kulitafuta leo kwa bei za mnada.

Scalos, programu nyingine ya kushika nafasi ya Workbench, ni ya bure, inafanya kazi, na ina mapambo mengi. Kwenye mashine yenye memori ya kutosha haina ubaya. Vifurushi vilivyopambwa tayari vya bure navipita, kwa sababu vinabeba yale yale niliyoyalalamikia.

Wauzaji wanaotia vifurushi hivyo kwenye kadi na kuviuza ndio wanaonikera. Wanachukua vitu vilivyowekwa bure kwenye Aminet, hazina iliyokuwapo tangu mwaka 1992, wanavipakia kwenye kadi ya CF, kisha wanatoza bei inayozidi kadi yenyewe mara kadhaa. Picha za matangazo yao hupigwa kwenye kompyuta ya kisasa inayoiga Amiga, yenye memori isiyolingana kabisa na ya mashine halisi, na hakuna mahali wanapoandika kiasi kinachobaki baada ya kuwasha. Mnunuzi wa Kisumu au Nakuru analipa bei hiyo, analipa usafirishaji, halafu anakutana na kodi na ada za forodha, na kurudisha mzigo kunagharimu kuliko kuuacha ukae kabatini. Mdai muuzaji picha ya mstari ule wa juu, iliyopigwa kwenye mashine ya aina yako, kabla ya kutuma fedha. Akikataa, mwache.

Kwa anayeagiza AmigaOS 3.2, taja aina ya mashine yako waziwazi, kwa sababu ROM, yaani chipu zinazobeba sehemu ya mfumo, hazifanani. Amiga 500, 600 na 2000 hutumia chipu moja ya aina moja, Amiga 1200 hutumia chipu mbili, na Amiga 3000 na 4000 zina zao. Kifurushi hicho ni kidogo, na jamaa anayekuja likizo anaweza kukileta ndani ya mkoba.